Kanda ya Hashim Kwenye Dashibodi

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za gari la mwisho nililoajiriwa kuliendesha, nikapewa soda na kalenda, nikaenda nyumbani. Haikupita wiki, vijana wa hapa Nakuru wanaojiandaa kwenda Saudia kuendesha magari ya watu wakaniomba niwaandikie niliyoyaona huko. Habari za mishahara waulizeni maajenti, wao ndio wanaopenda kuziongea. Mimi nitawaambia habari za redio ya gari, kanda moja, na bendi fulani ya roki ya Waingereza. Jina la bendi sitalitaja, kwa sababu bosi wangu aliniomba nisilitaje, na sioni kwa nini niache kumtii eti tu kwa kuwa nimestaafu. Ninyi mnaijua. Nyimbo zao bado zinapigwa kwenye masupamaketi.

Nilifika Riyadh katika miaka ile ambayo kila mtaa wa Kenya ulikuwa na ajenti wake na kila ajenti alikuwa na foleni. Wengi wetu tulipokelewa uwanja wa ndege na vijana wa ofisi walioshika karatasi. Mimi nilipokelewa na kafili wangu mwenyewe, yaani mwajiri aliyenidhamini. Aliitwa Abu Talal, mhandisi wa maji aliyestaafu, mzaliwa wa Jeddah, mrefu na mkavu, na macho yake yalikuwa yamepungua nguvu kiasi kwamba hakuweza tena kuendesha. Nyumbani kwake kulikuwa na gari jipya la Madam, mkewe. Mimi niliitwa kwa ajili ya lile la zamani, gari kubwa la Kimarekani lenye viti kama makochi, ambalo alikataa kuliuza kwa sababu moja tu: lilikuwa bado na redio ya kanda.

"Jina lako?" akaniuliza kwa Kiingereza safi.

"Josefu, bosi."

"Yusuf," akasema, na suala la jina likaishia hapo. "Yusuf, unajua kusafisha kichwa cha redio?"

Nilijua. Kabla sijawa dereva wa basi la shule nilikaa miaka sita kwenye kibanda cha mjomba wangu nikitengeneza redio na kanda. Nikamwambia unatumia pamba na spiriti, si mate kama wanavyofanya wengine. Akacheka hadi akashika mlango wa gari. Ikama yangu, kibali cha kuishi kule, ilichukua wiki kadhaa kutoka, lakini nadhani kazi yenyewe niliipata palepale kwenye maegesho.

Mwalimu wangu wa Riyadh alikuwa Mzee Kilonzo, Mkamba wa Kitui aliyeendesha lori la maji na kuishi Al-Shumaisi, chumba cha juu ya duka la simu. Alikuwa amekaa huko hadi akawa anakemea kwa Kiarabu na kubembeleza kwa Kikamba. Nilikuwa nikimtembelea Ijumaa, naye ndiye aliyenifundisha kazi, maana kujua kuendesha si kujua kazi. Aliniambia redio ya gari ni ya mwenye gari, hata ikikuita kwa jina usiiguse. Aliniambia nisizime injini kabla bosi hajatoa mguu wa pili. Zaidi ya yote alinionya kuhusu dashibodi.

"Hapo mbele ni jiko," alisema. "Simu, miwani, kanda, mafi, yaani hapana. Hakuna kitu kinachowekwa hapo wakati wa joto. Umenisikia?"

Nikaitikia vizuri sana, kama mnavyoniitikia ninyi.

Safari zetu nyingi zilikuwa fupi. Tulikwenda kwa daktari wa macho, sokoni kununua tende, na kwa rafiki zake wawili waliobaki. Kila safari Abu Talal aliweka kanda ya bendi ile, na katikati ya nyimbo akanieleza kipande kwa kipande ilikotoka. Nilichukua karibu mwaka mzima kuipata hadithi yote, kwa sababu hospitali haikuwa mbali.

Kaka yake, Hashim, ndiye aliyetangulia Uingereza kusoma. Alipanga chumba katika mji wa bandari wa kaskazini, kwa mama mmoja mjane, na mwaka mmoja baadaye Abu Talal akamfuata na wakalala chumba kimoja. Mama huyo alipiga kinanda kanisani, kile kikubwa cha kukanyaga kwa miguu, na mwanawe alijifunza gitaa la besi kwa kufuata mguu wa kushoto wa mama yake. Mpiga gitaa alikuwa kibarua bandarini, na mabaharia walimletea sahani za santuri za watu weusi wa Amerika, za muziki wa blues, ambazo alizisikiliza hadi zikakwaruzika. Mpiga ngoma alifukuzwa kwenye bendi ya matarumbeta ya wachimba makaa kwa kosa la kuwazidi sauti wenye matarumbeta. Mwimbaji aliuza nyama, na sauti yake aliipata kwa kutangaza bei.

"Blues, kanisa, matarumbeta na bucha," Abu Talal alikuwa akisema, akihesabu kwa vidole. "Na udi wa Hashim."

Maana Hashim alikuwa amekwenda Uingereza na udi wake, ile ala ya nyuzi ya Waarabu. Bendi ilifanya mazoezi Jumapili jikoni kwa yule mama, na Hashim alikaa nao. Walianza kwa kupiga kwenye ukumbi wa kanisa mbele ya mama zao. Kisha wakapata kilabu cha wafanyakazi, ambako walinyamazishwa katikati ya wimbo ili itangazwe kwamba chakula kimefika. Baadaye mtu wa London akawasikia, wakatoa santuri ya kwanza, ya pili ikauzwa hadi ng'ambo, na kufikia ya tatu polisi walikuwa wakishika zamu nje ya nyumba ya yule mama.

Santuri hiyo ya tatu ndiyo yenye ule wimbo wao mkubwa. Katikati yake ngoma zinanyamaza na gitaa linabaki peke yake, likipiga wimbo mwingine kabisa, wa polepole, unaopinda kona pale usipotarajia. Kisha unakatika ghafla, kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Mabingwa wa muziki waliandika kurasa nyingi kuhusu kule kukatika. Walisema ni ujasiri, ni ubunifu, ni alama ya zama. Na kuhusu wimbo wenyewe waliandika kwamba mpiga gitaa aliuokota Moroko.

"Moroko!" bosi wangu alisema kila mara tulipofika hapo. "Wakati ule hata London hajafika. Huo ni wimbo wa Hashim, Yusuf. Aliwafundisha nikiwa nimeketi pale."

Wanawe walikuwa wameshausikia ushahidi huo tangu utotoni, wakawa wanautikisia kichwa. Mimi nilimwamini. Nilikuwa nimetengeneza kanda za kutosha kujua mtu anayebuni na mtu anayekumbuka.

Hashim hakuisikia santuri hiyo. Kifua kilimshika katika baridi ya mwaka wake wa tatu, akafa kabla haijarekodiwa, akazikwa kulekule. Jeddah alibaki dada yao mkubwa, Bibi Safiya, aliyemuaga bandarini akiwa kijana na hakusikia tena sauti yake.

Mwaka wangu wa tatu, Madam akaamua kusafisha stoo. Ndani ya sanduku la vitabu vya maji ikatoka kanda moja iliyoandikwa kwa mkono wa Hashim: Jikoni, Jumapili. Abu Talal alikuwa ameitafuta miaka arobaini. Bibi Safiya wakati huo alikuwa anaumwa moyo, madaktari wa Jeddah wameacha kuzungumzia kupona wanazungumzia kupumzika, na aliposikia kwenye simu kwamba sauti ya Hashim imepatikana alisema neno moja tu: ilete. Tulipanga kuondoka Jumatano. Abu Talal aliapa kwamba haisikilizi kabla yake, na kweli hakuisikiliza. Alitembea nayo ndani ya kanzu, chumba hadi chumba.

Ijumaa kabla ya safari nilimpeleka msikitini upande wa Al-Shumaisi. Aliposhuka akanipa kanda. "Itunze, Yusuf. Mfukoni naogopa kuiponda nikisujudu."

Nilikuwa nimepanga kwenda kula kwa Mzee Kilonzo swala ikiendelea. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mtu mwenye akili timamu anapoharibu kazi. Mfuko wangu wa shati ulikuwa umetoboka. Kwenye kisanduku cha gari kulikuwa na karatasi nyingi, nikaogopa itapotelea humo. Basi nikaiweka mbele kabisa, juu ya dashibodi, mahali ambapo nitaiona nikirudi, ili nisiisahau.

Nilirudi baada ya saa moja na nusu, na kweli niliiona. Gamba lilikuwa limejikunja kama chapati iliyoachwa juani. Niliichukua ikaniunguza vidole, nikaishikilia hivyohivyo. Sikufikiria kazi wala ikama, nilifikiria yule mama wa Jeddah akisubiri mlango ugongwe.

Mzee Kilonzo alikuwa amenisindikiza. Aliitazama kanda, akanitazama mimi, akaacha kunikumbusha alichonifundisha, na kwa hilo namshukuru hadi leo. "Mwambie wewe kabla hajaiona," alisema. "Akiiona kwanza, lolote utakalosema litakuwa kisingizio."

Abu Talal alitoka akiwa anatabasamu. Nikasimama nje ya gari na kumwambia yote, na mfuko uliotoboka, na chakula nilichokwenda kula. Aliichukua kanda, akaipapasa kwa kidole gumba kama kipofu. Hakunifokea. Alikaa kiti cha nyuma, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

"Halas," alisema, yaani basi, yamekwisha. "Endesha."

Njia nzima hakuweka muziki. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baadaye. Tulipofika getini nikajikaza.

"Bosi, kilichokunjika ni gamba. Utepe wa ndani hatujauona. Niruhusu niufungue, niutie kwenye gamba jingine."

"Ukikatika?"

"Utakuwa umekatika mikononi mwangu, na nitakuja kukuambia."

"Mara ya mwisho kufanya kazi hiyo ilikuwa lini?"

"Kabla sijaoa, bosi."

Akaniwekea kanda mkononi, akaingia ndani bila kugeuka.

Gamba jingine nililokuwa nalo lilikuwa moja tu. Chumbani kwangu nilikuwa na kanda ya kwaya ya mke wangu, niliyokuwa nikiisikiliza chinichini siku za kumkumbuka, yaani karibu siku zote. Gamba lake lilikuwa la skrubu tano, aina nzuri. Nikautoa utepe wa kwaya, nikauzungushia kwenye kipande cha boksi, nikautia ndani ya kopo la majani ya chai. Nilijua huenda usiimbe tena, nikaufunika.

Msaada niliupata kwa Mwanaisha, binti wa Kwale aliyefanya kazi za ndani mle nyumbani. Sheria ya nyumba ilikuwa dereva haingii jikoni, kwa hiyo aliniwekea meza uani chini ya dirisha na kunipitishia vitu kimoja kimoja: kisu kidogo, pamba, mkasi wa kucha, koleo ya nyusi ya Madam ambayo Madam hakuambiwa.

"Kaka Josefu, una haraka," aliniambia kutoka dirishani.

"Najua."

"Basi kunywa maji kwanza. Maiti haikimbii."

Alikuwa hivyo, maneno yake hayana mto. Nikanywa maji. Nilipasua gamba lililokunjika kwa kisu, pole pole, na ndani utepe ulikuwa mzima isipokuwa mahali pamoja ulipogandamana na plastiki. Hapo nilikata urefu wa kidole, nikaunga kwa gundi ya karatasi, nikauzungusha wote kwa kalamu. Kazi ile ilinichukua asubuhi mbili. Ulipofika wakati wa kuijaribu niliiweka kwenye redio ya gari na kuzima sauti kabisa. Nilitazama tu magurudumu yakizunguka, upande mmoja hadi mwisho. Bosi alikuwa ameapa, nisingekuwa mimi wa kumsikia Hashim kabla yake. Kwa hiyo nilijua kanda inazunguka, lakini kama ina sauti sikujua.

Nilimwambia Abu Talal hivyohivyo, naye akaitikia kwa kichwa. Jumatano tulitoka alfajiri. Safari hiyo alikaa mbele. Karibu na Taif akaigeuza kanda mkononi.

"Hili gamba limetoka wapi?"

"Lilikuwa la kwaya ya mke wangu, bosi."

"Na mke wako sasa yuko wapi?"

"Kwenye kopo la majani ya chai."

Akageukia dirisha, mabega yakimtikisika kwa kicheko, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Tulipoteremka mlima barabara ikagawanyika. Waislamu hupita njia ya Makka, na sisi wengine tunazungushwa kwa nje. Nikamwomba radhi kwa kumrefushia safari. Akasema amesubiri miaka arobaini, hiyo saa moja ataivumilia.

Bibi Safiya aliishi kusini mwa Jeddah, karibu na Al-Mahjar, katika nyumba ambayo wanawe walishindwa kumhamisha. Alikuwa amekalishwa kitandani kwa mito, mdogo kuliko nilivyomfikiria, na macho makali. Alimwita ndugu yake Jamil, na ndipo nilipolijua jina lake la kuzaliwa. Nilitaka kuwaacha, lakini redio yake ndogo ilikuwa kuukuu na kanda ilicheza humo ikitikisika, ikabidi nibaki nikiibana kwa kidole gumba ili izunguke sawa. Nikabonyeza.

Kulikuwa na mvumo mtupu. Ukaendelea hadi jasho likanitoka mgongoni. Kisha kiti kikaburutwa, kikombe kikagonga sahani, vijana wakacheka, na sauti changa ikasema kwa Kiingereza, sikilizeni, pole pole.

Bibi Safiya alifumba macho. Hashim akapiga udi na kuimba kwa Kiarabu, na gitaa likamfuata nyuma likijikwaa, wakacheka, likamfuata tena. Ulikuwa wimbo uleule, kona kwa kona. Abu Talal alikuwa amenishika bega bila kujua. Halafu, mahali palepale panapokatika kwenye santuri, sauti ya mama wa Kiingereza ikaingia: Hashim, chai tayari, na ninyi wengine toeni miguu mezani. Kukasikika mlio wa swichi, na kimya.

Bibi Safiya aliomba turudie. Tukarudia mara tatu. Kufikia wakati huo Kiarabu changu kilinitosha, nikawa naelewa kila neno.

"Nani aliyemkatiza?" aliuliza.

"Mama mwenye nyumba. Alimwita chai."

"Kwa hiyo hakumaliza."

"Dada, wimbo wa Hashim unaishia hapo. Dunia nzima inajua unaishia hapo."

"Dunia nzima," alisema, kama mtu anayesikia habari za jirani asiyeaminika. "Wimbo huu si wa Hashim. Ni wangu. Nilikutungia wewe. Mama alikuwa mgonjwa na wewe ulikuwa hulali bila kubebwa, nikawa nakuimbia. Hashim alikuwa akikaa mlangoni."

Abu Talal alivua miwani. "Mbona mimi siukumbuki mwisho wake?"

"Utaukumbuka vipi, Jamil? Hukuwahi kuufikia. Ulikuwa umeshalala."

Basi akauimba. Sauti ilikuwa nyembamba na pumzi haikumtosha, alipumzika mara mbili, lakini alipofika pale palipoitwa chai hakusimama. Wimbo uliteremka ngazi chache, ukarudi pale ulipoanzia, ukatulia. Bosi wangu, mzee wa nywele nyeupe, alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, akilia waziwazi, na hakuondoa macho usoni mwa dada yake hadi alipomaliza. Alimwomba aurudie ili nirekodi, na mimi nilikuwa tayari nimeshakunja karatasi ya kuziba kitundu cha kanda ili ikubali kurekodi. Bibi Safiya alikataa.

"Umeusikia?" alimuuliza. "Halas."

Alifariki kabla ya baridi. Abu Talal alimfuata miaka michache baadaye, nami nikarudi nyumbani, na utepe wa kwaya bado uko kwenye kopo. Bendi ile wazee wake bado wanaulizwa kuhusu Moroko. Mimi siku hizi kazi yangu ni mjukuu. Adhuhuri akishashiba namlaza begani na kumwimbia wa Bibi Safiya, na mwisho wake nauimba wote, kila siku. Yeye hajausikia bado. Tukifika pale kwenye chai, huwa ameshalala.